Jinsi ya kupima kama reli ya abiria wa mjini inastahili umeme

Anza na ratiba, si bei ya waya wa umeme unaopita juu ya reli. Hesabu treni kwa saa na umbali kati ya vituo. Umeme hulipa pale treni zinaposimama na kuondoka kila baada ya kilomita chache, kwa kuwa treni ya umeme huchomoka haraka kuliko kichwa cha dizeli kinachovuta mabehewa. Caltrain, kati ya San Francisco na San Jose nchini Marekani, ilihamia umeme Septemba 2024. Safari ya kusimama vituo vyote ilishuka kutoka dakika kama 100 hadi 75. Njia yenye treni mbili kwa siku haistahili umeme; haihitaji hata mjadala.

Pima madaraja na mahandaki yote. Waya wa volti 25,000 unahitaji nafasi. Isipotosha, utanyanyua daraja au kushusha reli.

Chini ya ardhi ndiko bajeti hupasukia. Kabla ya kumwaga zege la nguzo, chimba mashimo ya majaribio, maana ramani za mabomba na nyaya za zamani hudanganya. Nguzo moja ikihamishwa, usanifu wa waya jirani hurudiwa.

Umeme unaorudi kupitia reli huvuruga saketi zinazotambua treni, pamoja na kengele za makutano ya reli na barabara. Zibadilishe kabla ya kuwasha.

Wapinzani wa waya watataja treni za betri. Hoja yao ina nguvu kwenye kipande chenye treni chache: Caltrain yenyewe imeagiza treni ya betri kwa upande wa Gilroy, kusini mwa San Jose, ambako waya haukufika.