Somo: Kupanga matembezi ya kundi Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila shule zikikaribia kufungwa, meseji ni zile zile: "Nataka kuleta watoto Mida, nianzie wapi?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Basi naandika mara moja, na atakayeuliza lililokwisha kujibiwa hapa asinune nikimjibu kwa neno moja.

Kwa asiyepajua: Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, kati ya Kilifi na Malindi, barabara kuu ya Mombasa ikipita ubavuni mwake. Ng'ambo ya barabara, upande wa bahari, ndiko kuna hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na mikoko yake. Unaweza kupata vyote viwili kwa siku moja, ila si kwa mpango wowote ule.

Hatua ya 1. Amua unakuja kutembea au kufanya kazi. Kupanda mikoko na kutazama ndege havipatani saa moja, utaona sababu hapo chini.

Hatua ya 2. Tafuta mwongozaji wa hapo hapo. Msituni wana chama chao, na kituo cha msitu pale Gede watakuunganisha. Mida kuna vijana wa vikundi vya kijiji. Usimlete binamu yako "anayepajua".

Hatua ya 3. Maji. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, na wangu uliharibika pia. Nilikuwa nimepita Mida Jumamosi saa nne asubuhi nikakuta matope matupu mpaka upeo wa macho, nikasema vyema, Jumamosi ijayo saa nne naleta watoto wapande. Tukashuka kwenye basi, maji yamejaa yanapiga vigogo. Chapati zikaliwa zote chini ya mti, dereva akaanza kutazama saa, tukarudi na miche yetu guniani.

Sababu ni hii. Saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa wiki moja zimesogea karibu saa sita, kwa hiyo ile saa iliyokuwa ya maji kupwa inakuwa ya maji kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, pwani yetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu: asubuhi yamejaa, na hata yakitoka jioni hayatoki sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya programu ya simu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu. Tena mlango wa hori ni mwembamba, maji ya ndani huchelewa kidogo kuliko ya ufukweni Watamu, kwa hiyo ukifuata jedwali la bahari peke yake utafika mapema. Muulize mwongozaji, usimpangie.

Angalieni sana:
– Wa kupanda: muwe matopeni maji yakiwa bado yanatoka, na mtoke yanapogeuka. Maji ya bamvua hayaji kwa mbele tu kama wimbi. Huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yenu, nanyi macho yako baharini.
– Wa kutazama ndege: msije maji yakiwa makavu kabisa. Ndege watakuwa wametawanyika mbali, mtaona nukta. Njooni maji yakiwa yanajaa, yanawasukuma kuelekea ufukweni, wanasogea hatua kwa hatua mpaka unaona mdomo na miguu bila darubini.
– Wa mtumbwi: maji mengi. Maji mafu yanawafaa ninyi zaidi kuliko wengine.

Hatua ya 4. Viatu vya raba vyenye kamba. Ndara zitabaki matopeni, na mizizi ya mikoko ina chaza wanaokata kama wembe.

Hatua ya 5. Msituni muwe getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, suruali ndefu (siafu), kimya. Kuna ndovu, kwa hiyo hakuna kutangulia. Watu hutaka ndovu, lakini ladha ya msitu huu ni vidogo. Ukisikia majani makavu yakipigwa kwa haraka, pa-pa-pa, simama pale pale. Huyo ni sange wa kiuno cha dhahabu, ana pua ndefu kama mrija, anapiga mkia chini kumwambia adui "nimeshakuona." Akikimbia utaona kiraka cha manjano matakoni, na ngozi ya hapo ni nene kuliko kwingine, adui akiuma hapo hapati cha maana. Na kuna yule bundi mdogo wa Sokoke, hafiki sentimita 20, hulala mchana ndani ya vichaka. Huwezi kumpata mwenyewe. Mwongozaji anajua alilala mti gani jana.

Hatua ya 6. Kupanda. Mbegu ya mkoko ndiyo ile ndefu kama kijiti inayoning'inia. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni na hutoka kwa kuguswa. Ukilazimika kuivuta, iache. Ncha kali ndiyo iendayo chini, thuluthi moja ndani ya tope, hatua moja hadi nyingine. Wapi hasa, ataamua mtu wa kikundi.

Hatua ya 7. Malipo. Ingilio la msitu ni la serikali, la daraja la mbao la Mida ni tofauti, ya mwongozaji ni tofauti. Uliza yote matatu kabla, uwe na pesa kwenye simu. Hela ya lile daraja husaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa hiyo msilie.

MASWALI

Msafiri_Mombasa: Bei gani kwa watu 40?

— Hatua ya 7.

Msafiri_Mombasa: Nimesoma, hakuna bei.

— Hakuna kwa sababu hubadilika, na mtoto, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Nikiandika leo utanirushia hapa mwakani.

Mama Pendo: Nina watoto wa chekechea, wa miaka minne na mitano. Wanaweza kupanda?

— Dada, tope la pale linafika magotini kwa mtu mzima. Wapeleke kwenye lile daraja, ni la kuning'inia, mita 260 hivi, linapita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba kidogo, watalipenda. Piga simu kwanza uhakikishe liko wazi, maana mbao na chumvi havielewani. Wakichoka, Gede kuna mradi wa Kipepeo ndani ya uwanja wa magofu. Ulianza mwaka 1993. Wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi, pupa husafirishwa kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mtoto akiona kipepeo anatoka kwenye pupa, hutamtoa hapo.

Jamaa wa Mtwapa: Tunakuja Jumapili, tuna spika na DJ. Tunaweza kuziweka hapo kwenye daraja?

— Hapana.

Jamaa wa Mtwapa: Si ni mali ya umma?

— Hori lote ni hifadhi ya bahari ya Watamu. Mtwapa hamkosi kumbi.

Kidato cha tatu, Ganze: Shikamoo. Kikundi chetu cha mazingira kilipanda mikoko mwaka jana mahali peupe karibu na maji, pakavu maji yakitoka, hapakuwa na mti hata mmoja. Karibu yote imekufa. Tulikosea wapi?

— Marahaba mwanangu, swali zuri hili. Jiulize kwanza kwa nini pale palikuwa peupe. Mikoko ilikuwa jirani, mbegu zinaelea kila msimu, na bado hakuna hata moja iliyoshika. Mara nyingi mahali pa namna hiyo ni chini mno, panafunikwa na maji kwa saa nyingi kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Mawimbi yanautikisa, na vile vikombe vidogo vya chokaa, viumbe wa bahari wanaojibandika, vinauganda mpaka unainama.

Halafu kila mti una mahali pake. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa baharini. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu, kisha muia na mkandaa, na mchu unavumilia kote, mbele na nyuma kule kwenye chumvi kali. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na ni rahisi kuchomeka. Kwa hiyo safari nyingine tafuteni mahali palipokatwa miti, mwone visiki ni vya nini, mpande hicho hicho. Na kama mbegu zinafika zenyewe, pengine kazi yenu ni kuzuia mbuzi na kufungua mkondo wa maji uliozibwa, si kupanda.

Kidato cha tatu, Ganze: Asante sana. Visiki vipo, nitapeleka habari kwa mwalimu.

— Piga picha za visiki ulete hapa, tutaviangalia pamoja.

Mchunguzi: Hili ni tangazo la biashara tu. Unalipwa na waongozaji.

— Onyesha hapo juu niliposema apigiwe nani simu. Nimeandika ili nisiandike tena.

Bi. Zuhura, Lamu: Mbali na kupanda, kuna kazi gani nyingine mtu wa kawaida anaweza kusaidia?

— Zipo, bibi. Kila Januari huhesabiwa ndege wa majini, na wanaohesabu wanahitaji watu wa kuandika, si wataalamu tu. Januari ndio wakati wenyewe, ndege wageni wa kaskazini bado wapo, hori limejaa. Msituni kuna matembezi ya kuondoa mitego ya waya, lakini hayo lazima muende na askari. Tanzi lile mguuni mwa paa hukatisha mpaka mfupa, na paa nunga waliobaki pale ni wachache.

Bi. Zuhura, Lamu: Na huko Kwale, Gazi? Nasikia wana yao.

— Gazi nenda kabisa. Akina mama wana daraja lao mikokoni, na kijiji kinauza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, yaani wanunuzi hulipia kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao. Hela imeingia kwenye maji na shule.

Fundi_Baiskeli: Nje ya mada kidogo. Baada ya matope mnakula wapi?

— Dabaso, mkahawa wa kikundi, umejengwa juu ya mikoko. Sambusa za kaa. Agiza kabla hamjaingia matopeni, si mkishatoka.

Fundi_Baiskeli: Na raba zinasafishwaje? Zangu zilinuka wiki nzima.

— Usizikaushe na tope. Zioshe na maji ya hori hapo hapo kabla halijaganda, kisha maji baridi, zikauke kivulini na gazeti ndani.

Msafiri_Mombasa: Sasa bei ya sambusa ni ngapi?

— 😐