Somo: Kuunganisha pedali mbili za dilei kupata sauti zisizo za kawaida

Wadau, dilei ni pedali ya gitaa inayorudia ulichopiga kama mwangwi. Ukiunga ya pili baada yake, hiyo hairudii gitaa peke yake, inarudia pia kila mwangwi uliotoka kwenye ya kwanza. Utamu wote uko hapo. Pedali si lazima ziwe ghali, ila inasaidia sana zikiwa na tabia tofauti.

Hatua ya 1: zijue tabia zake. Dilei ya analogi yenye chipu za BBD (zinazopokezana sauti hatua kwa hatua, kama watu wanaopokezana ndoo za maji) hupoteza ukali kila inaporudia, hivyo mwangwi unazidi kuwa mzito na wa mbali. Muda wake huwa mfupi. Boss DM-2, kwa mfano, iliishia milisekunde 300. Ya dijitali hurudia kwa usafi na kwa muda mrefu zaidi: Boss DD-2 ya mwaka 1983 ilifika 800.

Hatua ya 2: mpangilio. Anza na gitaa, distoshen (pedali ya kukwaruza sauti), analogi, dijitali, kisha amplifaya. Watu hubishana sana kuhusu ipi itangulie. Ukweli ni kwamba kama zote mbili ni safi kabisa, ukizibadilishana nafasi utasikia karibu kitu kilekile. Mpangilio unakuwa na maana pale moja inapokwaruza au kuyumbisha sauti, au ukiweka kitu kati yao.

Hatua ya 3: muda. Hapa usiwe na haraka. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Kwa mapigo 120 unapata milisekunde 500 kwa pigo moja. Ukiweka moja 500 na nyingine 250, miangwi inaangukiana palepale na inaongezeka sauti tu. Weka 500 na 375, yaani robo tatu ya pigo, na utasikia noti zikijibizana. Sasa jaribu 500 na 309. Hiyo ya pili ni 0.618 ya ya kwanza, na miangwi inapishana bila kukutana upesi. Piga kodi moja, uiache, usikilize inavyotanda. Kwangu mimi hii ndiyo seti nzuri kuliko zote kwa muziki wa taratibu.

Hatua ya 4: marudio (idadi ya miangwi) na kiwango (ukubwa wa sauti yake). Anza chini kwenye pedali zote mbili, kwa sababu miangwi inazidishana. Marudio mawili matatu kwa kila moja yanatosha kabisa.

Hatua ya 5: weka kitu katikati. Pedali ya volyumu kati ya dilei mbili inakuruhusu kuingiza mwangwi wa kwanza polepole ndani ya wa pili, na ule mchomo wa kucha kwenye waya unapotea. Distoshen hapo katikati hugeuza miangwi ya kwanza kuwa ukuta mmoja wa sauti, kisha ya pili inaurudia ukuta huo kwa usafi.

Hatua ya 6: ifanye dilei iimbe. Punguza volyumu ya amplifaya kwanza. Ongeza marudio ya analogi mpaka sauti isizimike yenyewe, halafu zungusha nobu ya muda: ukifupisha, sauti inapanda; ukirefusha, inashuka. Dijitali itayadaka mapando hayo yote. Na kama pedali yako inashuka hadi milisekunde 5, ongeza marudio uone: kila noti inatoka na mlio wa chuma wa hezi 200, kwa kuwa 1,000 ukigawa kwa 5 ni 200.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mkuu, distoshen yangu inatoka kwenye amplifaya yenyewe. Miangwi inakuwa uji.*
Jibu: Ni kwa sababu miangwi inakwaruzwa yote kwa pamoja. Kama amplifaya ina njia ya efekti kwa nyuma (matundu ya kuunga pedali baada ya distoshen yake), hamishia dilei zote huko. Kama haina, punguza gein (kiasi cha kukwaruza) na kiwango cha mwangwi.

*Swali: Nikiunga zote mbili nasikia mlio mwembamba hata nisipopiga kitu.*
Jibu: Angalia umeme kwanza. Dijitali ikichangia adapta moja na analogi, kelele yake hupenya. Tumia pawa saplai yenye matoleo yaliyotenganishwa, na hakikisha kila toleo lina miliampia za kutosha.

*Swali: Nifanyeje zisirudiane, kila moja ilie kivyake?*
Jibu: Ziunge sambamba. Gawa sauti ya gitaa njia mbili, kila dilei iende kwenye amplifaya yake, moja kushoto na nyingine kulia. Kama una amplifaya moja utahitaji miksa ndogo. Gawa njia tatu, zima sauti kavu (ya gitaa isiyo na mwangwi) kwenye pedali zote mbili, halafu ile njia ya tatu ilete gitaa tupu.