Umebuni mpini au bledi mpya ya kupasulia? Soma hii kabla hujapeleka patenti

Wacha nianze na kidole changu. Nilikuwa nesi wa thieta, zamu ya usiku, operesheni imeisha salama na mimi natoa bledi kwenye mpini kwa foseps kama tulivyofundishwa, unashika kisiginoni, yaani mwisho wa nyuma wa bledi, unainua kidogo, unasukuma mbele, sasa damu ilikuwa imekauka kwenye ulimi wa mpini, ile ncha inayoingia kwenye tundu la bledi, na bledi haitaki kutoka, nikaongeza nguvu, ikachomoka ghafla ikapita glavu ikaingia kidole cha shahada mpaka nikasikia baridi ya chuma. Siku 28 nameza dawa za kuzuia virusi na kila usiku silali vizuri.

Niliporudi nyumbani Lamu nilikuja na mpini mkuukuu mfukoni, nikamuonyesha ami yangu ambaye ni fundi wa chuma huku Langoni, kazi yake bawaba na makomeo. Akaugeuzageuza, akaingiza bledi, akaitoa, akaingiza tena. "Mwanangu," akaniambia, "hii si kazi ya kisu, hii kazi ya komeo. Aliyeitengeneza amefikiria kufunga, kufungua hakufikiria."

Hapo ndipo safari yetu ya patenti ilipoanza, na kwa sababu watu wengi huniuliza tulipitaje kwa mkaguzi, yule wa ofisi ya patenti anayepima maombi, nimeona niandike yote, maana makosa tuliyofanya sitaki mwengine ayarudie.

Kubwa kabisa la kushika ni hili: kwenye visu vya kubadilisha bledi, upya haukai kwenye makali, unakaa kwenye kiungo, pale bledi na mpini vinapokutana. Makali kila mtu anayajua. Wembe wa kubadilisha Gillette alipata patenti yake Marekani 1904, na kisu cha upasuaji cha vipande viwili, mpini mbali bledi mbali, Morgan Parker alipata ya kwake 1915. Yaani ni zaidi ya miaka 100. Leo kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 7740, kinachosema vipimo vya pale bledi inapokaa kwenye mpini, ndio maana mpini namba 3 unapokea bledi 10, 11, 12 na 15 na mpini namba 4 unapokea zile kubwa za 20 kwenda juu, ukinunua bledi ya kampuni nyengine inaingia vilevile. Kwa hiyo ukiandika "nimebuni kisu ambacho bledi yake inabadilishwa" mkaguzi hatafika hata ukurasa wa pili.

Kabla ya kuandika chochote basi, tafuta. Usitafute kwa maneno peke yake, manake mmoja kaandika skalpeli, mwengine kaandika kifaa cha kukatia, utapotea. Tafuta kwa kodi, yaani zile herufi na namba za kupangia mafungu. Patenti zote duniani hupangwa kwa kodi, na visu vya upasuaji vyenye bledi ya kutoka viko A61B 17/3213, vifaa vya kutolea na kukusanyia bledi zilizotumika viko A61B 17/3217. Halafu, na hapa wengi ndipo wanapoanguka, angalia pia B26B 5/00, ambapo ni visu vya mkono vya kawaida vya kubadilisha bledi, vile vya kukatia makatoni na mazulia. Mkaguzi hajali kwamba kile ni cha zulia na chako ni cha thieta, kama komeo ni lile lile atalileta mezani. Tovuti za kutafutia patenti, Espacenet, Google Patents na PATENTSCOPE, zote ni bure, bando tu. Mimi nilikuwa nafungua michoro kwanza, maelezo baadaye, ami amekaa pembeni ananiambia "huyu katumia springi... huyu katumia kitufe... huyu kaweka ala inayorudi nyuma". Wiki mbili hivyo. Daftari letu lilijaa na kwa kweli wazo letu la kwanza, kitufe cha kuinua kisigino cha bledi, tulilikuta limeshafanywa. Ami alinyamaza siku nzima. Lakini afadhali ulikute wewe kabla ya mkaguzi, kwa sababu ukilikuta wewe bado una nafasi ya kufikiria tena.

Na wakati unatafuta funga mdomo. Sheria yetu ya Kenya, ile ya mali ya viwandani ya 2001, inakupa miezi 12, yaani ukikionyesha wewe mwenyewe kisha ukapeleka maombi ndani ya mwaka mmoja haikuhesabiwi, lakini Ulaya hawana msamaha huo, ukishatuma video kwenye grupu la WhatsApp au ukakipeleka kwenye maonyesho kipindi cha Maulidi huko kwao kimekwisha kuwa cha watu wote. Mimi nilitaka kuwaonyesha wenzangu wa kazi, nilikuwa na furaha kweli, ami akanikataza. Alikuwa sahihi. Kama lazima mtu akione, mfano daktari wa kukupimia kama kinafaa, mwandikishe karatasi ya kutunza siri kwanza. Na kama umeajiriwa soma mkataba wako wa kazi, kuna ubuni unaofanywa kazini ambao haki yake inakwenda kwa mwajiri.

Sasa kuandika. Maombi ya KIPI, taasisi ya Kenya inayotoa patenti, huandikwa kwa Kiingereza, lakini nakushauri ufikirie kwa Kiswahili kwanza, kwa lugha ya karakana, ndipo utafsiri, utaona mwenyewe wapi huelewi kitu chako. Moyo wa maombi ni madai, zile sentensi za mwisho zinazosema hasa unalinda nini. Dai letu la mwanzo lilikuwa hivi: "Mpini wa kisu cha upasuaji unaotoa bledi kwa usalama bila kumuumiza mtumiaji." Linapendeza kusoma lakini halisemi kitu. Limetaja matokeo halikusema kwa njia gani, na mtu akisema matokeo tu ni kama anataka kumiliki kila njia ambayo mtu yeyote atakuja kuifikiria. Mkaguzi analikataa kwa kutokuwa wazi, na pia linagongana na kila mpini wa usalama uliowahi kutengenezwa.

Dai lililokuja kusimama ni hili: "Mpini wa kisu cha upasuaji, wenye ulimi wa kuingia kwenye tundu la bledi na kitufe cha kuinua kisigino cha bledi, unaotofautiana kwa kuwa kitufe hicho ni utepe wa chuma uliokatwa kutoka kwenye mpini wenyewe na kubaki umeshikana nao upande mmoja, na chini ya utepe huo upo mfereji ulio wazi pande zote mbili." Angalia lilivyojengwa, nusu ya kwanza inakiri yanayojulikana, baada ya "unaotofautiana" ndipo kilipo cha kwako. Madai madogo yanafuata chini yake, upana wa mfereji, umbo la ulimi, pembe ya kisigino, ili la juu likianguka uwe na pa kushika.

Kuna mitego mingine kwenye madai ya vifaa hivi. Ukiandika "bledi ya kukatia ngozi ya mtoto" hilo "ya kukatia ngozi ya mtoto" halikusaidii, kama kuna bledi ya zamani inayoweza kufanya kazi hiyo basi si mpya, hata kama hakuna aliyewahi kuitumia hivyo. Kubadilisha chuma cha kaboni uweke chuma kisichoshika kutu, au kurefusha mpini kidogo, hiyo ni kazi ya kila fundi wala si ubuni. Na usidai namna ya kupasua. Sheria yetu haihesabu njia ya kumtibu au kumpasua mtu kuwa ubuni wa kupewa patenti, ila vifaa vinavyotumika kwenye njia hiyo inavikubali. Dai mpini, dai bledi, usidai mkato wa daktari.

Jengine ambalo nalionea uchungu kwa sababu naona watu wanapoteza riziki zao: fikiria ni kitu gani kitauzwa kila siku. Mpini unanunuliwa mara moja unachemshwa miaka, bledi inatupwa kila operesheni. Kama upya wako uko kwenye mkia wa bledi na ukadai mpini na bledi vikiwa pamoja tu, mtu atauza bledi peke yake na wewe utahangaika kumkamata. Dai bledi peke yake, dai mpini peke yake, kisha dai vyote pamoja. Mkaguzi hawezi kusema hivyo ni vitu viwili tofauti kama kiungo kile kile kipya kiko kwa vyote viwili, mmoja una ulimi na mwengine una tundu la ulimi huo huo. Lakini kama bledi yako ni ile ya kawaida, kama yetu, upya uko kwa mpini tu, usilazimishe.

Maelezo na michoro weka kila kitu. Kila kitu kabisa! Ukishapeleka maombi huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo mwanzo, unaweza kupunguza na kufafanua tu. Nitakuonyesha baadaye sentensi moja ilivyotuokoa.

Kupeleka kwenyewe si kugumu, ofisi za KIPI ziko Nairobi, Popo Road South C, na mkaazi wa Kenya anaweza kujipelekea bila wakala ingawa wakala mzuri ana faida yake. Kwanza wanakagua karatasi kama zimekamilika, baada ya miezi 18 maombi huchapishwa, na wewe lazima uombe mwenyewe ukaguzi wa ndani, ule wa kweli wa kupima kama kitu ni kipya na kama fundi asingekifikia kirahisi, ndani ya miaka 3 tangu siku uliyopeleka. Usipoomba maombi yanahesabika umeyaacha. Watu wanadhani ukishalipa unakaa kusubiri simu, la, andika tarehe hiyo ukutani. Nchi za nje nazo, una miezi 12 tangu siku ya kwanza kupeleka huko na kudai tarehe yako ya Kenya, au upitie PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya patenti, ujipatie muda zaidi.

Halafu inakuja ripoti. Ya kwetu ilikataa madai yote. Mkaguzi alileta hati mbili, moja kisu cha upasuaji chenye kitufe na springi, nyengine kisu cha karakana ambacho komeo lake ni utepe wa chuma hicho hicho, akasema fundi yeyote angechukua utepe wa huku akauweka kule. Nilisoma barua nikaketi barazani nimeishiwa nguvu. Ami akaniambia nisome tena polepole.

Na hivyo ndivyo unavyofanya na ripoti, usijibu na hasira na usijibu siku ile ile. Chora jedwali, upande mmoja vipande vya dai lako kimoja kimoja, upande wa pili hati ya kwanza, upande wa tatu hati ya pili, tia alama kila kipande kinachopatikana kule. Kile kinachobaki bila alama ndicho silaha yako. Kwetu ulibaki mfereji. Kwenye dai la wakati ule haukuwemo, lakini kwenye maelezo niliandika sentensi moja kwamba chini ya utepe kuna mfereji ulio wazi pande zote mbili ili maji na mvuke vipite, na mchoro wa 3 uliuonyesha. Kwa hiyo tuliruhusiwa kuuingiza kwenye dai.

Sasa kuuingiza peke yake hakutoshi, lazima ueleze kwa nini fundi asingeufikia kirahisi. Hapa maisha ya thieta yalinisaidia. Tulieleza kwamba kisu cha karakana hakiingii damu wala hakichemshwi, mwenye kukitengeneza hana sababu ya kufikiria mfereji, na utepe wake ukiuchukua ulivyo ukauweka kwenye mpini wa upasuaji damu inakauka chini yake, kisha unaingia mvuke wa nyuzi 134 na kesho yake umeganda hauinuki, yaani unaongeza tatizo lile lile. Mfereji ndio unaofanya utepe ufanye kazi mahali hapo. Hoja yako ifunge kwenye umbo lililodaiwa, usiseme "chetu ni bora", sema sehemu gani inaleta faida gani na kwa sababu gani.

Kama ubuni wako ni mdogo na unaona hoja hiyo huna, usikate tamaa, kuna cheti cha modeli ya matumizi, kinataka kitu kiwe kipya na kiweze kutengenezwa, hakipimi kama fundi angekifikia, na kinalinda miaka 10 badala ya 20. Maombi ya patenti unaweza kuyageuza kuwa hayo kabla hayajaamuliwa. Kwa bledi yenye umbo jipya la mkia mimi naona ni njia nzuri wala si aibu.

Jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, na kama hautoshi omba nyongeza kabla haujaisha. Sisi tulijibu mara mbili. Mara ya pili walitaka tu tulinganishe namba za michoro na maneno ya dai, kitu cha jioni moja.

Ukishapewa kuna ada ya kila mwaka, ukiacha kulipa ulinzi unaanguka hata kama ubuni ni wako na jina ni lako. Ami ameandika tarehe ya malipo kwa chaki juu ya mlango wa karakana, chini ya komeo, na kila mvua ikiifuta anaiandika upya.