Seti ya Mfarishi au Vitambaa vya Kujichagulia: Jinsi ya Kuamua Kabla ya Kutoa Fedha

Mtu anayetaka kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka tatu ambalo uso wake ni vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kwa mara ya kwanza hujikuta mbele ya njia mbili: kuagiza nje seti iliyokwisha kupangwa, au kwenda Kariakoo na kujichagulia vitambaa mwenyewe. Wengi huamua kwa kulinganisha bei, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa bei hizo mbili si za kitu kimoja. Seti ya kawaida inayouzwa Marekani au Uingereza huwa na mchoro, maelekezo na vitambaa vya uso wa mfarishi, pengine pamoja na ukanda wa kukunjia kingo. Kitambaa cha mgongoni na tabaka la kujazia katikati mara nyingi hununuliwa kando. Ukiongeza nauli ya kuusafirisha mzigo mpaka Dar es Salaam, ushuru wa forodha na kodi, utakuta umelipia nusu ya mfarishi kwa fedha ambazo zingetosha mfarishi mzima wa vitenge, na chenji ya uzi ikabaki.

Hata hivyo, sisemi kwamba seti ni hasara kwa kila mtu. Unachonunua hasa ndani yake ni uamuzi wa mtu mwenye uzoefu, ambaye amekwisha kupanga kipi kiwe cheusi, kipi kiwe cheupe, maua makubwa yakae wapi na vidoa vidogo vikae wapi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuunganisha hata viraka 4, somo hilo lina thamani, na ushauri wangu ni kwamba akitaka seti achukue ndogo, ya mto au ya kitanda cha mtoto, aishone mpaka mwisho, kisha aitazame kama mwanafunzi atazamavyo daftari lililosahihishwa. Seti ya kitanda kizima simshauri mtu, labda awe amependa mchoro fulani kiasi kwamba hataki tofauti yoyote na picha.

Kuna na jambo ambalo picha ya kwenye pakiti haikuambii: vitambaa vya seti hupimwa kwa kubana. Seti yangu ya kwanza niliipata kwa wifi yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Mchoro ulitaka kanda za inchi 2½, nami nikiwa na haraka nikakata mbili kwa inchi 2 kamili. Kitambaa cha akiba hakikuwemo. Nilizunguka maduka ya Mtaa wa Uhuru nusu siku nikiwa na kipande cha kijani kibichi mkononi, mpaka muuzaji mmoja akaniambia kwa upole, “Dada, rangi hii haijafika huku, chukua hii inayokaribiana.” Niliichukua, na hadi leo mgeni akiingia chumbani macho yake huanzia hapo. Kwa vitambaa vya kujichagulia, kosa kama hilo hutibiwa kwa kurudi dukani kesho yake, tena kwa daladala.

Ukiamua kujichagulia, anza na hesabu nyumbani, si dukani. Tuchukue kitanda cha futi 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72, na mfarishi unaoning’inia kidogo pembeni, wa inchi 80 kwa 90. Ukitumia viraka vya mraba ambavyo vikishashonwa huwa na inchi 5, unahitaji viraka 16 kwa 18, jumla 288. Kila kimoja hukatwa inchi 5½, kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande. Kitenge chenye upana wa inchi 45 hivi hutoa viraka 8 kwa mkato mmoja wa upana, na nusu yadi hutoa mikato 3, yaani viraka 24. Kwa hiyo nusu yadi ya vitenge 12 tofauti hutosha kabisa, jumla yadi 6. Ongeza kitenge cha 13 kwa ajili ya makosa. Hicho ndicho seti isichokupa.

Tatizo ni kwamba wauzaji wengi hawapendi kukata nusu yadi. Hapo watu hugawana: wanunue wenzi 3 au 4 vitenge vizima, kisha wakatiane. Njia nyingine ni kwenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako na kumwomba kiroba cha mabaki, ambacho mara nyingi kinangoja kutupwa. Mimi nimepata humo vitenge vizuri kuliko nilivyowahi kununua, ila kiroba cha fundi huchanganya kila kitu, na mchanganyiko ndio adui wa mfarishi. Kitambaa cha pamba kikiunganishwa na cha nailoni au poliesta, kimoja hurudi kikilowa na kingine hakirudi, na pasi ya moto inayonyoosha cha kwanza huunguza cha pili. Chomoa nyuzi chache, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kisicho pamba kirudishe kirobani.

Kisha fua kila kitambaa kabla ya kukikata, na usifue vyote pamoja. Khanga nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopwa zaidi; zifunge katika kitambaa cheupe kilicholowa kwa muda wa saa moja, na kitambaa hicho kikitoka na doa, endelea kuzifua peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Baada ya hapo panga vipande kitandani na uvipige picha kwa simu bila rangi, katika kijivu tupu. Vikionekana vyote sawa, mchoro wako utapotea hata kama rangi ni 20, kwa sababu jicho hufuata kwanza weusi na weupe. Ni kwa kosa hili kwamba mifarishi mingi ya vitenge hufanana na fujo: kila kitambaa ni kizuri, na vyote vinapiga kelele kwa sauti ileile. Theluthi moja iwe ya vitambaa vyepesi vyenye rangi hafifu, hata shuka jeupe lililochakaa vizuri.

Kuhusu katikati, seti nyingi hubuniwa kwa nchi za baridi na maelekezo yake hutaka ujazo wa kutia joto. Kwa joto la Dar, blanketi jembamba kuukuu au shuka la pamba linatosha. Mgongoni tumia doti 2 za khanga zisizokatwa, zishonwe upande kwa upande; utapata takriban inchi 118 kwa 85, lakini pima kwanza, maana khanga hazilingani zote. Kabla ya kushona mshono huo mrefu, zitandaze sakafuni na uhakikishe kwamba majina ya doti zote mbili yanasomeka kutoka upande mmoja.