Mraba wa Punnett bila kukariri: vifuu viwili, mbegu za ubuyu na kuku kishingo

Swali la urithi likimshinda mwanafunzi wa kidato cha nne, kosa mara nyingi haliko ndani ya mraba wa Punnett, yaani jedwali la kukutanisha gameti za baba na za mama. Liko mstari mmoja juu yake, pale alipotakiwa kuandika gameti akaruka. Mzazi ana aleli mbili, yaani nakala mbili zinazoweza kutofautiana, za kila jeni. Gameti, yaani mbegu ya kiume au yai, ina moja tu, kwa sababu meyosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, imeshazitenganisha. Ukipandisha "Nn" nzima kwenye kichwa cha safu, watoto wako watatoka na aleli nne, na hapo hata msahihishaji mwenye huruma hana la kukupa.

Herufi nazo zina mtego. Tumia herufi moja kwa jeni moja: kubwa kwa aleli inayotawala, ndogo kwa ile inayojificha. Epuka C, K, O, S, W na Z, maana ndogo na kubwa zake zinafanana mkononi, na ukifika mstari wa tatu hujui tena uliandika ipi. N, R, G na B hazina shida hiyo.

Chukua mfano wa kuku kishingo, yule anayezurura vichochoro vya Ngamiani akiwa hana manyoya shingoni. N ni aleli ya kishingo, n ni ya shingo yenye manyoya. Jogoo Nn akipandana na tetea Nn, andika kwa mpangilio huu:

Wazazi: Nn × Nn
Gameti: N, n × N, n
Watoto: NN, Nn, Nn, nn

Ukihesabu kishingo dhidi ya wasio kishingo, uwiano ni 3:1. Lakini watazame kwa karibu. NN shingo yake ni tupu kabisa. Nn ana kishada kidogo cha manyoya upande wa mbele, chini ya shingo. Ukikitambua kishada hicho, kuku walewale wanakuwa 1:2:1. Kwa hiyo soma swali: linauliza jenotaipu (aleli alizonazo) au fenotaipu (anavyoonekana), na fenotaipu imepimwa kwa jicho la namna gani?

Sasa uone kwa mikono yako uwiano huo unavyotokea. Tafuta vifuu viwili vya nazi na mbegu 80 za ubuyu zilizokwisha kunyonywa, zikaoshwa na kukaushwa (kazi ya kunyonya haikosi wa kujitolea). Chagua zinazolingana ukubwa. Paka 40 rangi nyeupe ya kucha, ziache zikauke vizuri. Kila kifuu kiwe na nyeupe 20 na nyeusi 20: kifuu kimoja ni baba, kingine mama, wote Nn, nyeupe ikiwa N na nyeusi ikiwa n. Fumba macho, toa mbegu moja kila kifuu, andika jozi uliyopata, kisha rudisha kila mbegu kwenye kifuu chake na utikise. Rudia mara 100.

Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi wanapoharibu. Ukitoa nyeupe tano mfululizo bila kurudisha, ndani zimebaki nyeupe 15 na nyeusi 20, na nafasi ya kupata nyeusi imepanda hadi asilimia 57. Mzazi halisi haishiwi aleli namna hiyo. Kila gameti inaanza upya kwa nusu kwa nusu. Kosa la pili ni rangi kupakwa nene, vidole vikaanza kuitambua nyeupe kabla haijatoka.

Tuseme umepata NN 31, Nn 47, nn 22, wakati ulitarajia 25, 50, 25. Usizifute hesabu zako ili zipendeze. Fanya kai-mraba, hesabu ya kupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati: kwa kila kundi toa matarajio kwenye matokeo, jibu lizidishe kwa lenyewe, gawa kwa matarajio, kisha jumlisha. Hapa ni 1.44 + 0.18 + 0.36 = 1.98. Makundi matatu yana digrii mbili za uhuru (idadi ya makundi ukitoa moja), na kikomo chake kwa kiwango cha asilimia 5 ni 5.99. Uko chini ya kikomo, kwa hiyo tofauti inaweza kuwa ya bahati tu. Mendel mwenyewe, kwenye njegere alizochapisha habari zake mwaka 1866, alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana: 2.96 kwa 1. Angehesabu ganda moja tu, asingeona chochote.

Suala hili la bahati lina uzito kwa watu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba aleli moja ya selimundu, utasikia: "Mkizaa wanne, mmoja atakuwa na ugonjwa." Si hivyo. Kila mimba ina nafasi ya 1/4 ya kuwa SS, yaani mwenye ugonjwa, na waliotangulia hawaibadilishi. Katika watoto wanne, nafasi ya kutokuwepo SS hata mmoja ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, sawa na 81/256, karibu asilimia 32. Aleli hii haikuenea maeneo yenye malaria kama pwani yetu kwa ajali: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole kwa kundi la damu, kumbuka baba A na mama B wanaweza kabisa kuzaa mtoto O, iwapo kila mmoja ameficha aleli ya O.

Turudi bandani. Una jogoo kishingo, kishada hukioni vizuri, unataka kujua ni NN au Nn. Mpandishe kwa matetea wenye manyoya shingoni, ambao lazima ni nn. Kifaranga mmoja tu akitoka na shingo yenye manyoya, jogoo ni Nn, kesi imekwisha. Wakitoka wote kishingo, idadi ndiyo inaamua: jogoo Nn ana nafasi ya 1/32 ya kutoa kishingo watano mfululizo, na 1/128 ya kutoa saba. Lenga saba au zaidi. Shingo tupu inaonekana siku ileile ya kuanguliwa, siku ya 21, hakuna haja ya kungoja wakue.

Kinachoharibu jaribio hili ni jogoo wa jirani. Tetea huhifadhi mbegu za kiume mwilini kwa wiki mbili na zaidi, hivyo yai la leo linaweza kuwa la jogoo wa mwezi uliopita. Watenge matetea wiki tatu kwanza, ndipo umwingize jogoo wako, na mayai ya siku chache za mwanzo yapeleke jikoni. Yanayobaki yaandike tarehe kwa penseli kwenye ganda.