SOMO: Kikundi cha muziki cha watoto wa miaka 3 hadi 6, bila piano

Naandika hili ili nisiendelee kumjibu kila mtu kivyake. Kila juma kuna monitri wa ekodimu (mwalimu wa shule ya Jumapili) au madamu wa maternele (shule ya chekechea) anayeniuliza anunue chombo gani kwanza. Asinunue kitu. Hatua ndizo hizi.

1. Idadi: watoto 12 hadi 15, watu wazima wawili. Wakizidi, wagawe.

2. Muda: dakika 25 hadi 30, mara mbili kwa juma. Saa nzima ya Jumamosi inawachosha, na wewe pia.

3. Mahali: mkeka, duara, viatu nje. Kama ni mabati bila dari, mvua ikianza hamia kwenye michezo ya kutembea. Hutasikika.

4. Mapigo, mwilini kwanza. Kutembea, makofi, kupiga mapaja. Mwache mtoto mmoja atembee, wewe umfuate kwa ngoma. Mwendo wa asili wa mtoto mdogo ni wa kasi kuliko wako. Ukimlazimisha wako utadhani hajui mapigo, kumbe anayo yake. Mswisi Émile Jaques-Dalcroze alijenga ufundishaji wake wote hapo: muziki upite mwilini kabla ya kufika kwenye karatasi.

5. Sauti ya kuanzia. Hapa soma polepole, maana ndipo vikundi vingi vya Goma vinapoharibikia. Mtoto wa miaka 4 huimba vizuri kati ya noti mbili, re na la, zile zilizo juu tu ya do ya katikati ya piano. Mwanaume akianzisha wimbo kwa sauti yake ya kawaida, yuko oktavu nzima chini, yaani noti zile zile lakini nzito zaidi. Baadhi ya watoto watapanda wenyewe. Wengine watajaribu kumfuata huko chini, na kinachotoka ni ngurumo isiyo na noti. Kisha mwalimu anatangaza kwamba "hawa hawana sikio". Wanalo! Papa, tumia sauti yako nyembamba, hata vijana wa korali wakicheka dirishani, au mwombe msichana mkubwa aanzishe. Madamu aliyezoea kuimba alto (sauti ya chini ya wanawake) naye ajiangalie. Programu ya simu ya kupimia gitaa itakupa noti ya la ya hezi 440 (huandikwa A): mwezi wa kwanza wimbo usiipite.

ONYO: usiseme "imbeni kwa nguvu!" Watoto wetu wamekulia mbele ya mabafle (spika) ya kanisani, tayari wanaamini kuimba ni kupayuka, na anayepayuka hamsikii mwenzake.
ONYO: usiimbe nao muda wote. Imba mstari, nyamaza, wasikilize wakiurudisha. Bila hivyo hutajua nani yuko wapi.
ONYO: aliye chini ya wenzake usimtaje mbele ya watu. Mkalishe kati ya wawili wanaoimba vizuri, kisha wote wafanye pikipiki inayopanda mlima Goma: "vuuu" kutoka chini kabisa hadi juu. Mara nyingi hapo ndipo anapoigundua sauti yake ya juu.

6. Noti mbili: sol na mi. Ni mlio ule ule mtoto anaomwitia mwenzake ng'ambo ya ua. Noti ya la ifuate baadaye.

7. Nyimbo fupi, za Kiswahili, Kihavu, Kinande, Mashi. Waulizeni bibi zenu.

8. Vyombo mwezi wa tatu. Chupa zenye vikokoto vya makoro (mawe meusi ya volkano), bidoni la lita 5, vijiti. Wanne wapige, wengine waimbe, wabadilishane. Ukigawa kwa wote mara moja, somo limekwisha.

MASWALI

Kijana_Birere: Mwalimu, piano ya bei gani inafaa?
— Rudi kwenye sentensi ya tatu.

Kijana_Birere: Lakini kwenye video za Ulaya kila mtoto ana silofoni.
— Huo ni mtindo wa Mjerumani Carl Orff. Ukipewa silofoni, pokea. Lakini hata darasa la Orff hutumia makofi, mapaja na miguu, na hivyo unavyo.

Mama Neema (Himbi): Mtoto wangu wa miaka 3 miezi yote anatazama tu, haimbi. Nimtoe?
— Usimtoe, mama. Wa umri huo wengi hukusanya nyimbo kichwani kwanza. Msikilize nyumbani akicheza peke yake, bila kumwambia aimbe.
Mama Neema: Kumbe! Anaziimba zote, na dada yake akikosea anamgombeza.
— Basi mwachie nafasi yake kwenye duara.

Papa D. (Lubumbashi): Wangu ana miaka 4, ataanza solfeji (kusoma noti) lini? Nimekwisha kulipa.
— Papa, uliyemlipa si mimi. Hakusoma neno "mama" kabla ya kulisema. Aimbe kwanza.

Monitri_Kadutu: Zile ishara za mikono za kuonyesha noti zilitoka Hungaria?
— Swali zuri. Ni za Uingereza, karne ya 19: John Curwen aliuchukua mfumo wa Sarah Glover wa kuimba noti kwa silabi, akauendeleza na kuongeza ishara. Wafuasi wa Zoltán Kodály wa Hungaria ndio waliozisambaza zaidi. Kwa wadogo mbili zinatosha. Sol: kiganja kikuelekee, dole gumba juu, usawa wa kidevu. Mi: kiganja kitazame chini, usawa wa kifua. Mkono wako upande juu na kushuka kweli, wauone urefu wa sauti.
Monitri_Kadutu: Aksanti sana. Nitajaribu Jumapili.

Fundi_Katindo: Chupa zangu zinafunguka, kokoto zinamwagika.
— Hatari, wa miaka 3 ataziweka mdomoni. Paka gundi ndani ya kizibo kabla ya kufunga, halafu utepe juu. Makoro uyaoshe na kuyaanika, yana vumbi jeusi.

Monitri_Kadutu: Bukavu hatuna makoro.
— Maharagwe.

Fundi_Katindo: Maharagwe kwa bei hii?
— Basi mbegu za maboga. Zikauke kabisa, la sivyo zitaota ukungu humo ndani.