Papasa kichwa kabla ya kupandisha: urithi wa pembe kwa mbuzi wa maziwa

Mama mmoja wa mlimani alinipigia simu asubuhi, nikamtazamie mtamba wake, mbuzi jike ambaye hajazaa bado. Anafuga mbuzi watano wa maziwa kwenye banda la mabanzi lililoinuliwa, na kila siku anapanda kilima na mzigo wa matete kichwani. "Bwana mifugo, huyu nimempeleka kwa beberu mara nne, hashiki mimba," akasema. "Na siku hizi yeye ndiye anawapanda wenzake."

Mtamba mwenyewe alikuwa amenawiri kuliko wote mle bandani. Mweupe, mrefu, mgongo umenyooka. Nikamwinua mkia. Uke ulikuwa mdogo kuliko umri wake, na pale chini kinembe kilikuwa kimechomoza, kikubwa kama punje ya njegere. Nikapapasa kiwele: chuchu zipo, lakini juu yake hamna kitu. Alikuwa huntha, si jike kamili wala si dume, na asingezaa hata angepelekwa kwa mabeberu kumi.

Majirani walishamwambia kuwa hicho ni kijicho cha watu. Yeye alishamaliza mwaka mmoja na nusu wa pumba, chumvi na dawa za minyoo kwa mnyama ambaye hatamrudishia hata kikombe cha maziwa. Nikamuuliza maswali mawili tu. Mama yake ana pembe? Hana. Na baba yake? "Naye hana. Kikundi tulimchagua kwa sababu hiyohiyo, hana pembe, hachomi wenzake wala hang'oi mabanzi."

Kwa hiyo hakuna aliyemroga. Mtamba huyu aliharibika siku ile ile mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama, na kosa hilo linazuilika bure, bila dawa, kwa mfugaji yeyote anayejua sifa zinavyorithiwa. Naona uchungu kila ninapolikuta, kwa sababu kwenye vikundi vyetu vya kopa mbuzi lipa mbuzi, mtamba mmoja ndiye mtaji wote wa kaya.

Tuanzie shambani, kwenye kitu unachokijua. Umepanda mahindi meupe, jirani yako amepanda ya njano, na yote yamechanua wiki moja. Wakati wa kuvuna unamenya maganda unakuta gunzi lako jeupe limetapakaa punje za njano. Chavua ya jirani imeingia. Punje hizo zimepata urithi wa weupe kutoka kwa mmea wako na urithi wa unjano kutoka kwa mmea wa jirani, lakini kinachoonekana ni unjano. Weupe haujafa, umejificha ndani. Chukua punje hizo za njano uzipande peke yake mbali na mahindi mengine, na kwenye magunzi ya msimu unaofuata weupe utarudi: kwa wastani punje moja nyeupe katika kila nne.

Sifa inayojionyesha hata ikirithiwa upande mmoja tu, jeni yake, yaani chembe ya urithi inayoibeba, tunaiita jeni tawala. Ile inayojificha mpaka irithiwe pande zote mbili ni jeni fiche. Mtawa Gregor Mendel alilihesabu jambo hili kwenye njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, mji ulio sasa Jamhuri ya Cheki, kati ya mwaka 1856 na 1863. Katika hesabu yake moja alipata punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1866, na wataalamu hawakuizingatia mpaka mwaka 1900, yeye akiwa ameshafariki.

Mbuzi naye ni hivyohivyo. Ana kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zimepangika jozi 30, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Anapotengeneza mbegu au yai hutoa nusu tu, moja katika kila jozi, na ni ipi itakayotoka ni bahati, kama kuchota punje ndani ya gunia bila kutazama. Ndiyo maana pacha wa tumbo moja wanaweza kutofautiana rangi na pembe, na ndiyo maana mzazi hawezi kumpa mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Sasa pembe. Kwa mbuzi, kuzaliwa kipara, yaani bila pembe, ni sifa tawala. Tuiandike jeni ya upara kwa K kubwa na ile ya pembe kwa k ndogo. Mbuzi mwenye kk ana pembe. Mwenye Kk ni kipara. Mwenye KK ni kipara pia, na kwa macho huwezi kumtofautisha na Kk. Kwa ng'ombe upara nao ni sifa tawala, na huko mfugaji anaweza kupandisha kipara kwa kipara asipate dhara lolote, tena wengi wanatafuta KK makusudi. Nadhani ushauri mwingi mbovu umetokea hapo: mtu kajifunza kwa ng'ombe, akauhamishia kwa mbuzi.

Kwa mbuzi kuna jambo la pili mahali palepale. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kwenye kromosomu ya kwanza ya mbuzi kipara kuna kipande kilichokatika na kutoweka, chenye herufi 11,700 hivi za vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kromosomu. Kukatika huko ndiko kunakozuia pembe zisiote, na ndiko pia kunakovuruga jeni zinazotengeneza ovari, yaani vifuko vya mayai ya jike. Mbuzi jike akirithi kukatika huko upande mmoja, ule upande mzima unatosha kumlinda: anakuwa kipara, anaingia joto, anazaa, anakamuliwa. Akikurithi pande zote mbili, ovari hazijengeki, na kiumbe kilichokuwa kiwe jike kinaelekea udume nusunusu. Kwa hiyo jambo moja la urithi lina sura mbili: upara ni tawala, uhuntha ni fiche. Mfugaji anaona ile iliyo wazi na kuipenda, huku iliyojificha ikisubiri mwenzake.

Kutokana na hilo, fahamu hili moja kwa hakika: mbuzi jike kipara anayezaa ni Kk. Angekuwa KK asingezaa. Beberu kipara, yeye anaweza kuwa Kk au KK. Madume ya KK huwa na maumbile ya kiume ya kawaida, wengi wanapandisha vizuri, ingawa baadhi yao mirija ya mbegu huziba na kuwa tasa.

Fanya hesabu ya mama yule. Jike Kk amepandishwa na beberu Kk. Chukua watoto wanane, na tuseme wanne walitakiwa wawe madume na wanne majike. Kwa wastani wawili watakuwa na pembe, wanne watakuwa Kk, wawili watakuwa KK. Katika hao wawili wa KK, mmoja ni dume na wa pili ndiye yule mtamba wetu. Yaani katika kila majike manne uliyokuwa uyatarajie, moja linaharibika. Na kama beberu ni KK, hali ni mbaya maradufu: watoto wote watakuwa vipara, na nusu ya majike watakuwa huntha. Nimesema kwa wastani, maana kila mimba ni kuchota upya. Jike anaweza kuzaa mara tatu salama kwa beberu yuleyule mpaka ukadhani maneno haya hayana msingi, kisha mara ya nne ukampata huntha.

Mpeleke jike huyohuyo kwa beberu mwenye pembe. Beberu hana K ya kutoa. Nusu ya watoto watakuwa vipara wa Kk, nusu watakuwa na pembe, na hakuna hata mmoja anayeweza kuwa KK. Uhuntha wa aina hii umekwisha. Ukiwa na majike wenye pembe, beberu kipara anaruhusiwa, awe Kk au KK. Sharti ni moja: katika kila jozi unayopandisha, mmoja awe amezaliwa na pembe.

Nimeandika "amezaliwa na pembe" kwa makusudi. Saanen na Toggenburg, mbuzi wa asili ya Uswisi, wana vipara wengi, lakini pia wengi wao huunguzwa vishina vya pembe wakiwa wadogo. Mbuzi aliyeunguzwa anaonekana kipara lakini kinasaba ni kk, na watoto wake watapata k kama kawaida, kwa sababu chuma cha moto hakifiki kwenye mbegu. Ukinunua beberu mkubwa asiye na pembe, mwenye kumuuza lazima akuambie kama alizaliwa hivyo au aliunguzwa. Papasa mwenyewe pia: aliyeunguzwa mara nyingi ana makovu mawili ya duara, magumu, ngozi haina manyoya au yameota vibaya.

Kwa kitoto kilichozaliwa jana ni rahisi zaidi, na hapa ndipo ninapotaka uzoee kutumia vidole. Kikaushe kichwa vizuri, kikalishe pajani, utazame mwanga ukiwa upande. Kitoto cha pembe kina visokoto viwili vya manyoya, kimoja kila upande, manyoya yamejizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu. Weka kidole juu ya kisokoto na usogeze ngozi: imeshika, haitelezi, na chini yake unahisi kishina. Kitoto kipara manyoya yake yamelala, au kuna kisokoto kimoja tu katikati, na ngozi inateleza juu ya fuvu. Andika siku hiyohiyo. Baada ya mwezi, ukishaunguza, ushahidi umeondoka.

Vipi kujua kama beberu kipara ulilonalo ni KK? Angalia wazazi wake kwanza. Mmoja akiwa na pembe, beberu ni Kk, mjadala umeisha. Usipowajua, hesabu watoto wake kwa majike wenye pembe. Akipata hata mtoto mmoja wa pembe, ni Kk. Akipata saba mfululizo, wote vipara, nafasi ya beberu wa Kk kupata matokeo kama hayo ni moja katika 128, basi mhesabu kuwa ni KK.

Huntha aliyekwisha kuzaliwa hakuna dawa ya kumrekebisha, na sindano za kumleta joto ni kupoteza fedha. Nyama yake ni nzuri, mnenepeshe umuuze kwa ajili hiyo. Tafadhali usimpeleke mnadani kama mtamba. Wapo wanaofanya hivyo, na anayeumia ni mama mwingine kama huyu wa kwetu. Unaponunua mtamba kipara, inua mkia, tazama uke na kinembe, na uulize pembe za baba na mama. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote ya nje, kwa hiyo majibu ya swali hilo yana uzito kuliko uzuri wa umbo.

Tukiwa kwenye mambo yaliyojificha, beberu wa kikundi asikae mpaka akapanda binti zake. Kila mnyama hubeba jeni fiche mbaya ambazo hatuzioni. Tuseme beberu anayo moja. Nusu ya binti zake wataibeba. Ukimrudisha juu ya binti zake wote, katika kila watoto wanane kwa wastani mmoja ataipata pande zote mbili, na ndipo unapoona vitoto dhaifu, vilema, au mimba zinazopotea. Badilishaneni mabeberu na kikundi cha kijiji kingine kabla watamba wa kwanza hawajafikia umri wa kupandishwa. Na madume madogo yatengwe yakifika miezi mitatu. Dume la miezi minne linaweza kumtia mimba dada yake.

Si sifa zote zinazokwenda kwa tawala na fiche. Kuku wa kishingo, kwa mfano, jeni yake haitawali kikamilifu: aliyeirithi upande mmoja huwa na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, aliyeirithi pande zote shingo yake ni tupu. Maziwa nayo yanaongozwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo, na juu yake malisho, maji na magonjwa. Usimwamini mtu anayekuambia beberu fulani "ana jeni ya maziwa". Muulize: mama yake beberu alikamuliwa lita ngapi kwa siku, kwa miezi mingapi, na kwa chakula gani.

Mama wa mlimani aliwaeleza wenzake wa kikundi, na beberu kipara akapelekwa kwenye kikundi cha ng'ambo ya mto ambako majike karibu wote ni chotara wenye pembe. Akaja beberu mwenye pembe. Nilipopita tena alinionyesha daftari lake, la shule, jalada limelowa chai. Ukurasa wa pacha wa mwisho alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Jike, visokoto viwili, ataunguzwa Jumamosi. Jike, kipara, asipandishwe na kipara."